Visu Vilivyokaa Juu ya Minazi

Niliinua mkono kwa sababu kimya kilinitisha. Bwana shauri, mkubwa wa serikali wilayani, alikuwa amesimama kwenye uwanja wa korti ya Kaloleni, kofia mkononi, akiuliza ni nani atakayejitolea kwenda Mombasa miezi sita kushika kazi mpya ya serikali kwa muda. Sote tuliokuwapo, makarani, askari, na matarishi kama mimi, tukawa tunatazama vidole vya miguu yetu. Kimya kikazidi. Nikaona macho yake yanakuja upande wangu, na mkono ukainuka wenyewe. Tangu siku ile watu wamenisifu kwa moyo wa kujitolea. Sasa nimestaafu, basi nawaambieni ilivyokuwa.

Nawaandikia ninyi mlioingia kazini nyuma yangu. Mliniomba nieleze namna tulivyoanza, na sina hakika kama mimi ndiye mtu wa kueleza. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne. Nilikuwa na kawaida ya kuandika mambo ya siku kabla ya kulala, lakini nikiyasoma leo naona mara nyingi niliandika nilivyoogopa kuliko nilivyoona. Mnisamehe pale nitakapokosea. Walionijua wakati ule na bado wako hai wanisahihishe.

Kazi yenyewe mnaijua, ila wakati ule hakuna aliyeijua. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha si zamani. Serikali ilikuwa imeanza jambo la kuwaachilia baadhi ya watu waliokutwa na hatia, wakae kwao kwa masharti badala ya kwenda jela, na mtu wa serikali awe akiwaendea kuona kama masharti yanashikwa. Hiyo ndiyo probesheni. Akivunja sharti, anarudishwa kortini na kifungo chake kinamngoja pale pale. Watu wa mitaani waliniona kama polisi asiye na bunduki. Kwangu mimi hiyo ilikuwa mbaya kuliko kuwa polisi na kuliko kuwa raia.

Niliingia Mombasa nimekaa juu ya magunia ya mbata kwenye lori, nikanuka mbata wiki nzima. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya korti, meza moja na viti viwili, kimoja kibovu mguu. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Mbaraka, mtu wa Mvita khasa, mwenye kanzu nyeupe na koti jeusi juu yake, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkalimani wa korti kwa miaka mingi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Waogopa?" akaniuliza.

"La, bwana."

"Basi rudi kwenu. Asiyeogopa hanifai, ataniharibia watu."

"Naogopa, bwana."

"Haya, keti. Si hicho, hicho kitakuangusha. Aa, umeshakaa."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi, nikiwa sakafuni.

Vyombo nilivyopewa vilikuwa baiskeli ambayo breki zake zilikuwa viatu vyangu, na mwavuli mweusi. Bwana Mbaraka alisema mwavuli ni wa mvua na mbwa. Mafunzo yangu yalikuwa ya asubuhi moja. Piga hodi kwa mbali mara tatu. Ukinyamaziwa, rudi, usichungulie. Ukipewa maji, kunywa, hata kama huyaamini. Usimtaje mtu kosa lake mbele ya wanawe. "Mengine utayajua huko huko mbee," akasema, na akarudi kwenye kahawa yake. Nilimwona mtu mkavu. Sasa naona alinipa yote aliyokuwa nayo.

Eneo letu lilikuwa bara lote linalozunguka kisiwa. Likoni tulivuka kwa feri, nami sijui kuogelea, kwa hiyo nilisimama katikati kabisa, mbali na ukingo, nimeshika baiskeli kana kwamba ndiyo itakayoniokoa. Huko nilikuwa na mama mmoja aliyeiba nguo za watu alizopewa kufua. Mama huyo aliona haya majirani wajue mimi ni nani, akawaambia ni mposaji wa bintiye. Kila nilipofika wazee wa mtaa waliniuliza mahari itakuja lini. Sikuweza kukana, maana kukana kungemfichua. Mpaka naondoka nilikuwa nimeshaitwa mkwe na watu ambao siwajui majina. Changamwe nilikuwa na watu wa reli, wapole mbele yangu, na sijui walikuwaje nikiwapa mgongo. Lakini nitawaeleza habari ya Kisauni, kwa kuwa ndiyo iliyokaribia kumpeleka mtu jela kwa ajili yangu, na mimi kunirudisha Kaloleni kwa aibu.

Mtu mwenyewe alikuwa mgema, jina lake Kahindi, mrefu, mkimya, aliyepigana vita vya Burma. Aligema tembo kwenye minazi mitatu iliyosimama karibu na ua wa Mwalimu Athmani, mzee aliyesomesha watoto Kurani. Mnajua ilivyo kwetu pwani: anayepanda mnazi karibu na nyumba za watu huita kwanza kwa sauti, ili wanawake walio uani wajifunike, maana mtu akiwa juu anaona yote. Siku moja Kahindi alipanda, na mke wa Mwalimu alikuwa anaoga uani. Mwalimu akatoka na fimbo, akaupiga mnazi na kumtukana. Kahindi akashuka na kotama yake, kile kisu cha wagema kilichopinda, akamkata Mwalimu mkono wa kulia.

Kahindi alisema aliita, upepo ukachukua sauti. Mwalimu alisema hakuna aliyeita, na upepo haukuwapo. Mimi sikuwapo, kwa hiyo naandika maneno ya wote wawili.

Hakimu Mzungu aliangalia utumishi wake wa vita, na kwamba ana mke na watoto wadogo, akamwachilia kwa probesheni. Sharti lilikuwa moja kubwa: asichukue kisu, wala panga, wala chombo chochote chenye makali. Akilivunja, miaka miwili jela. Nisimlaumu hakimu, alitaka kumlinda Mwalimu. Lakini hakuna aliyekumbuka kuwa mgema bila kisu si mgema, wala Kahindi mwenyewe hakusema. Baadaye nilimwuliza kwa nini. Akanijibu, "Ukiambiwa hufungwi, unasema ahsante. Huanzi kueleza kazi yako."

Mara ya kwanza kwenda kwake nilivuka daraja la Nyali asubuhi. Mkewe, Dama, alikuwa anatwanga. Nilipomwuliza mumewe yuko wapi hakujibu, aliinua kidevu tu. Nikatazama juu. Katikati ya makuti niliona nyayo mbili, na kando yake kitu kikimetameta kwa jua.

"Nani huyo?" sauti ikauliza kutoka juu.

"Natoka probesheni. Naitwa Yohana Karisa."

"Karisa wa wapi?"

"Wa Kaloleni."

"Watu wa Kaloleni waoga. Umekuja kunipeleka?"

"Nimekuja kukuamkia."

"Niamkie basi."

"Hujambo?"

"Sijambo. Umeniona. Kwenda." Kisha akasema, "Sogea kushoto kidogo."

"Kwa nini?"

"Kisu kisikudondokee."

Nikasogea upesi. Akacheka huko juu. "Sasa ndiyo umesimama panapodondokea."

Dama naye akacheka, nami nikacheka ili nisionekane nilivyo. Kahindi alishuka taratibu kwa vile vipandio vilivyochongwa shinani. Alipofika chini alinionyesha viganja vitupu, akajigeuza nimtazame na mgongo.

"Kisu kiko wapi?" nikamwuliza.

"Juu."

"Na mnazi ule mwingine unagema na nini?"

"Chake kiko juu."

"Na ule wa tatu?"

"Juu. Kila mnazi una kisu chake. Korti ilisema Kahindi asichukue kisu, na Kahindi hachukui. Nikiwa ardhini mikono mitupu. Vile ni visu vya minazi."

"Unavinoa wapi?"

"Huko huko."

Nilisimama pale bila kujua kama nimetaniwa au nimefundishwa sheria. Korti ilikuwa imemnyang'anya kisu kimoja, na sasa vilikuwapo vitatu, vyote juu ya kichwa changu. Halafu akaacha kucheka. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Utasema?" Dama akasimamisha mchi. Nikajibu nitafikiri. Nilirudi na ile baiskeli nikikanyaga kama ninayefukuzwa, na hakuna aliyenifukuza.

Nilimweleza Bwana Mbaraka kila kitu. Alinisikiza mpaka mwisho.

"Ukimpeleka, atafungwa," akasema. "Usipompeleka na akaua mtu, mimi na wewe tutafute pa kujificha. La tatu silijui."

"Wewe ungefanya nini, bwana?"

"Yule aliyekatwa asemaje?"

"Sijamwona."

"Ulikwenda kwa mkataji, kwa mkatwaji hukwenda?" Akatikisa kichwa. "Mkono ni wake, Yohana. Kamuulize mwenye mkono."

Neno hilo nimeishi nalo tangu siku ile, na nawaachia. Kila mara mnapopewa mtu wa kumwangalia, mtafuteni na yule aliyeumizwa, hata kama hakuna karatasi inayowaagiza.

Mlango wa Mwalimu Athmani ulikuwa na makomeo mawili, moja la zamani na moja bado jeupe. Nilipiga hodi mara tatu, nikasikia watoto wamenyamaza kusoma, kisha makomeo yakafunguliwa moja baada ya jingine. Alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti nzuri. Mkono wake wa kulia ulilala mapajani kama kitu alichopewa akishike. Alikuwa akiwaandikia watoto mbao zao kwa mkono wa kushoto, na herufi zilikuwa zikitetemeka, naye alijua nimeziona.

"Mwalimu, unajua kuwa visu viko juu ya minazi?"

"Mwanangu, mimi ndiye ninayelala chini yake."

"Unataka afungwe?"

Aliweka ubao chini. "Walinipeleka kortini nikaulizwa nani alinikata, nikasema. Hilo hawakuniuliza." Akaupangusa mkono wake. "Nataka nijue yuko wapi. Basi. Nikiwa nasomesha, kila jani likianguka nadhani ni yeye. Aite akipanda, kwa ajili ya watu wangu wa uani. Hiyo ni haki tangu hatujazaliwa. Na aite akishuka. Hiyo iwe yangu. Nikimsikia amepanda, nitajua kisu kiko juu. Nikimsikia ameshuka, nitajua mikono yake mitupu. Hapo katikati nitaweza kusoma."

Nilikwenda kumwambia Kahindi nikiwa nimeegemea baiskeli upande wa njia, tayari kwa lolote. Alinisikiliza, na mishipa ya shingo ikasimama.

"Niwe naita kama mwadhini? Kila siku nimpe habari za miguu yangu? Bwana wangu huyo?"

Ni Dama aliyejibu, bila kuinua macho kwenye kinu chake. "Ungaliita siku ile ukasikika, leo tusingekuwa na huyu kijana hapa uani akitetemeka."

Sikupenda alivyosema kuhusu mimi, lakini haukuwa uwongo. Kahindi alimtazama mkewe muda mrefu. Nikahesabu hatua za kufika njiani. Kisha akageuka, akaenda kwenye mnazi, akapiga ukelele nadhani ulifika Utange: "Hodi chini! Kahindi napanda! Anayeoga ajifunike, anayeogopa ajifungie!" Nyumba ya Mwalimu haikujibu kitu. Ila baada ya muda nikawasikia watoto wameanza kusoma tena.

Kwa hiyo niliwaacha hivyo, na kortini sikusema. Sijui kama nilifanya sawa. Sharti lilisema asichukue, na mtu aliye juu ya mnazi ameshika kisu amekichukua, ukitaka kusema kweli. Bwana Mbaraka alijua, nami nilijua, na kila tulipopishana na hakimu pale korti niliona miguu yangu inataka kukimbia. Kejeli za Kahindi zilipungua. Baada ya wiki kadhaa mwito ukawa mfupi, "Hodi chini, napanda," na baadaye, "Nashuka." Nikifika Kisauni nilikuwa nasimama mbali kwanza nisikilize. Nikimsikia, pumzi zinarudi. Usiku niliota visu vinaning'inia, na hakuna mtu juu.

Karibu na mwisho wa ile miezi sita, baada ya mvua za masika, nilifika asubuhi nikasikiliza, nisisikie kitu. Nyumba ya Mwalimu ilikuwa imefungwa, watoto hawapo. Nikapiga hodi.

"Nani?"

"Yohana, Mwalimu."

"Uko peke yako?"

"Peke yangu."

Hakufungua. Alisema kupitia mlangoni, "Amepanda, hajashuka. Watoto wamemaliza masomo yao nimewarudisha kwao kwa mlango wa nyuma. Hajashuka."

"Labda ameita hukusikia."

"Nani? Mimi? Nimkose yule?"

Hatukusema zaidi, lakini wote wawili tulifikiri jambo moja: ameshuka kimya kimya, na kisu anacho. Nilitaka kuondoka. Ningeweza kusema nakwenda kuita askari, na hakuna ambaye angenilaumu. Kilichonizuia ni kwamba njia ya kwenda kwa askari ilipita vichakani, na pale mlangoni tungekuwa wawili. Makomeo yakafunguka. Mwalimu alitoka na fimbo kwa mkono wa kushoto, mimi na mwavuli wangu. Tukaizunguka nyumba ubavu kwa ubavu, kila pembe tukisimama. Dama alikuwa amekwenda kisimani. Nyumba ya Kahindi ilikuwa wazi na tupu.

Mwalimu ndiye aliyemwona. Alinishika bega, akaonyesha kwa fimbo.

Kahindi alikuwa nusu ya mnazi wa tatu, upande wa nyuma usioonekana kutoka njiani, amenata shinani kama mtoto kwa mamaye. Homa ilikuwa imemkamata huko juu, ile kali ya baridi, na mwili wote ulikuwa ukitikisika hata makuti yanatikisika. Alikuwa ameanza kushuka nguvu zikamwishia. Mkono mmoja umeukumbatia mnazi. Mkono mwingine umeshika kotama. Hata kilichomfanya akisahau mkononi alipoanza kushuka sijui, nadhani ni homa. Kupanda tena akirudishe hakuweza.

"Kahindi!" nikaita. "Tupa kisu ushike kwa mikono miwili!"

Meno yalikuwa yakigongana, lakini tulimsikia. "Kikigusa ardhi nimefungwa."

"Tupa!"

"Wewe ndiye utakayesema."

Mguu wake mmoja ukateleza kwenye kipandio, maganda yakatuangukia. Nikapaza sauti, "Tupa, nitajibu mimi!"

"Wewe mwoga," akasema. Hakuwa akinitukana, alikuwa anaeleza kwa nini hawezi. "Yeye aseme."

Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa amesimama, macho kwenye kile kisu. Hebu fikirini alichokuwa anaombwa: amwambie mtu yule, mwenye kisu kile, akilete chini. Alikawia, na sitamlaumu mpaka nife.

"Tupa," akasema hatimaye, na sauti yake nzuri ikavunjika. "Wallahi nitasema ni mimi niliyekuamuru. Tupa, mwanangu, shika mnazi!"

Kisu kikaanguka, kikachoma mchanga kati yetu. Kahindi akaukumbatia mnazi kwa mikono yote miwili. Nilipiga mayowe nisiyojua ninayo, wakaja watu wenye kamba na ngazi, wakamshusha kama mzigo. Ngozi yake ilikuwa moto hata kumgusa ni taabu.

Katika rabsha ile sikukumbuka kisu. Nilipogeuka nilimwona Mwalimu ameshaking'oa mchangani, amekishika kwa mkono wa kushoto, anakitazama, na Kahindi amelala chini mbele yake hawezi hata kuinua kichwa. Nilijua napaswa kwenda kukichukua, lakini sikwenda. Mwalimu akavua kilemba chake, akakiviringisha kisu ndani, akanipa.

"Kichukue upesi," akasema. "Nisipate muda wa kufikiri."

Bwana Mbaraka alikiweka kile kilemba mezani bila kukifungua. "Kimegusa ardhi, na watu wameona," akasema. "Hakimu atasikia, basi na asikie kwetu. Umesema utajibu?"

"Nilisema, bwana."

"Haya. Utakwenda kujibu."

Kahindi alipopata nafuu tukaitwa. Alisimama kizimbani amekonda, Dama ameketi nyuma na mtoto mgongoni. Mkalimani mpya alikuwa kijana mwepesi wa maneno. Nilieleza yote tangu siku ya kwanza, visu vitatu, mwito, homa, na kwamba kisu kilianguka kwa kuwa niliamuru.

"Ulijua kuhusu visu hivi tangu ulipofika?" hakimu akauliza.

"Nilijua, bwana."

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia, bwana."

Aliandika kitu. Sauti ya kalamu yake ilinijaza masikio. Nilijua Kaloleni nitarudi kabla ya muda wangu, na huenda hata utarishi nisiupate tena, lakini nilipomtazama Dama nikaona hofu yangu ni ndogo sana. Ndipo hakimu akamwita Mwalimu Athmani. Mwalimu akasema alivyoahidi, kwamba yeye ndiye aliyeamuru kisu kitupwe. Hakimu akamsikiliza kwa heshima, kisha akauliza swali ambalo hakuuliza mara ya kwanza.

"Mzee, unamwogopa mtu huyu?"

Alimtazama Kahindi, akautazama mkono wake.

"Namwogopa," akasema.

Dama akainamisha kichwa. Nami nikaona limekwisha.

"Lakini nieleze, bwana," Mwalimu akaendelea. "Nikimsikia juu ya mnazi, namwogopa kidogo. Nisipomsikia, namwogopa sana. Mkimtia jela, miaka miwili sitamsikia. Na siku atakayotoka, nani ataniambia yuko wapi?"

Mkalimani alitafsiri. Hakimu akaegemea kiti, akaitazama dari, nasi tukangoja. Mwishowe akasema sharti la kwanza lilitolewa bila kuijua kazi ya mtu, na sasa litabadilishwa: visu vikae juu ya minazi, visishuke, na mtu huyu awe anaita akipanda na akishuka. Akamgeukia karani alifanye amri. Karani akauliza aandike mwito gani. Hakimu akamwambia Kahindi aseme maneno yenyewe.

Kahindi alitazama huku na huku. Nadhani aliona haya kuyasema kwa sauti ya chini, kwa kuwa hayakuwa maneno ya sauti ya chini. Akavuta pumzi akayaita kama alivyozoea, ndani ya chumba kile cha mawe, askari wa mlangoni akaruka: "Hodi chini! Napanda!"

Na kutoka kwenye benchi la mashahidi, kabla hajajua anafanya nini, Mwalimu Athmani akaitika kwa ile sauti yake ya kusomeshea, "Haya, panda!"

Miezi yote ile sikuwahi kumsikia akijibu. Kumbe alikuwa akijibu ndani, milango ikiwa imefungwa.

Hakimu akainua kichwa. "Amesema nini yule mzee?"

Mkalimani, aliyekuwa mwepesi wa maneno, alikosa la haraka. Akafikiri kidogo.

"Amempa ruhusa, bwana," akasema.